Saa za maji zichapishwe, wapenda ndege wa Tanga waache kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Kuanzia Oktoba kila mwaka huonekana vijana wenye kamera, na wengine wengi wenye simu tu, wakishuka Raskazone na Sahare kutafuta ndege wa kupiga picha. Wengi hufika saa nne asubuhi, baada ya chai. Mbele yao wanaona tope tupu lenye vitone vyeusi umbali wa nusu kilomita. Wanapiga picha tatu nne zisizoonyesha kitu, kisha wanarudi zao wakisema ndege wako Serengeti na Mikumi, Tanga hakuna. Vile vitone ndivyo ndege wenyewe. Wangerudi palepale alasiri ya siku hiyohiyo wangewakuta hatua thelathini kutoka ukingoni, na jua likiwa mgongoni mwao.

Mpiga picha wa ndege wa pwani hutazama mwezi kwanza, ramani baadaye. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji huwa ya bamvua: hupwa sana na hujaa sana. Hapa Tanga, siku hizo bahari hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka: maji hujaa asubuhi ya saa nne au tano, na hayapandi kiasi cha kuwasogeza ndege. Wavuvi wa Sahare wanayajua haya kama wanavyojua majina ya watoto wao. Ni sisi wa mjini tuliosahau kuwauliza.

Ndege wa tope, yaani sululu, chamchanga na makundi ya vitwitwi, hula pale tope linapokuwa wazi. Maji yakipwa hutawanyika eneo lote, kila mmoja na kaa wake. Maji yakipanda hubanwa pamoja na kusogezwa kuelekea nchi kavu, mpaka wanasimama bega kwa bega kwenye ukanda mwembamba wa mchanga wakisubiri maji yatoke tena. Saa mbili za mwisho kabla ya kujaa ndizo za kazi. Na kwa bahati njema ya mji huu, bamvua hujaa alasiri siku zote, wakati jua liko magharibi. Kwa hiyo pwani yoyote inayotazama mashariki hukupa ndege walio karibu na mwanga ulio nyuma yako kwa wakati mmoja. Sahare ni pwani ya namna hiyo, na Mwambani pia.

Sahare, fika saa nane, maji yakiwa bado mbali. Tafuta kivuli cha mkoko wa pembeni, keti chini kabisa, na usisogee tena. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanangoja ndege wakusanyike, ndipo wanaanza kuwafuata. Ndege aliyekukuta umeketi hukuhesabu kama gogo. Ukimjia kwa miguu hukuhesabu kama mbwa. Nguo ziwe za rangi ya tope au majani makavu. Fulana nyeupe huonekana kutoka mbali sana. Kamera ukiishusha mpaka usawa wa macho ya ndege, mandhari ya nyuma hufifia na ndege hujitenga nayo vizuri. Ukipiga ukiwa umesimama utapata mgongo wa ndege na tope.

Tazama pia dalili za hofu. Ndege mmoja akiacha kula na kuinua kichwa, tulia. Watatu wakiinua vichwa pamoja, rudi nyuma kidogo. Wakianza kutembea kwa haraka wote upande mmoja, sekunde chache baadaye wataruka, na ukiwarusha wakati wa maji kujaa hawana pa kwenda. Huzunguka hewani wakichoma mafuta waliyoyakusanya. Machi na Aprili hilo ni jambo zito zaidi, kwa sababu ndio wakati wanaojaza mafuta ya safari ya kurudi kaskazini, maelfu ya kilomita. Mji wetu unasifika kwa msemo wa waja leo waondoka leo. Ndege hawa huja Agosti na Septemba na kuondoka Aprili, na wachache, hasa wachanga, hubaki nasi mwaka mzima.

Nimtaje chamchanga peke yake, maana wageni husafiri mbali kumtafuta na wenyeji wanampita. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi usiofanana na wa ndege mwingine wa tope. Mdomo huo ni wa kuvunjia kaa. Hukimbia hatua kadhaa, husimama ghafla, hutazama, hukimbia tena, mpige anaposimama. Huzaa kwenye pwani za Arabuni na Pembe ya Afrika, katika shimo analolichimba mchangani, yai moja jeupe tu. Ukimtazama kwa darubini mwezi wa Oktoba au Novemba utaona jambo la kugusa moyo: kinda aliyekwisha kukua, mwenye mgongo wa kijivu badala ya mweusi, akimfuata mzazi wake nyuma na kulia kuomba chakula. Wamevuka bahari pamoja, na kinda bado analishwa kaa mdomoni. Picha ya namna hiyo inapatikana pwani ya Tanga kwa nauli ya daladala.

Kuhusu usalama. Tofauti ya maji kupwa na kujaa siku za bamvua hupita mita tatu, na nusu ya kimo hicho hupanda katika saa ya tatu na ya nne baada ya kupwa. Tena maji hayaji kwa mstari ulionyooka kutoka mbele. Hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako, vile vinavyopita kati ya mikoko, wakati tope ulilosimamia bado ni kavu. Mtu anainama kwenye kamera dakika ishirini, akigeuka anakuta mkondo wa kiunoni kati yake na nchi kavu. Kabla ya kuketi, pita njia utakayorudia na uhakikishe haivuki kijito hata kimoja. Vaa viatu vya kufunga kamba, maana ndala hubaki kwenye tope, na chaza walioshika kwenye mizizi hukata kama wembe.

Mwambani iko umbali wa kilomita kadhaa kusini, na imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009. Uliza kuhusu kibali na ada kabla ya kupanda mashua au kufanya kazi ya picha ya biashara huko. Anayeendelea kusini kwa barabara ya Pangani atafika Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, ambako mikoko imesogea karibu sana na kuta. Huko subira hulipwa na mdiria.

Mdiria wa mikoko anachanganywa sana na yule wa msituni. Wote wana mgongo wa buluu inayong'aa. Tazama mdomo: wa mikoko ana mdomo mwekundu wote, juu na chini, wa msituni ana wekundu juu na weusi chini. Huketi kwenye tawi la chini akitazama tope bila kutikisika, na baada ya kushuka na kupanda hurudi mara nyingi kwenye tawi lilelile. Kwa hiyo usimfukuze. Elekeza lenzi kwenye tawi tupu, pima fokasi hapo, ngoja. Akirudi na kaa humgonga kwenye tawi kulia na kushoto mpaka miguu ya kaa inakatika na kuanguka mmoja mmoja, ndipo anammeza. Kitendo hicho huchukua muda wa kutosha kupiga picha ishirini, na shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia) ya 1/1000 ya sekunde hugandisha hata vipande vinavyoruka.

Sasa upande wa mjini wenyewe. Ufuko wa Raskazone na ukingo wa Bustani ya Jamhuri hutazama kaskazini, kuelekea ghuba na Kisiwa cha Toten. Kwa pwani ya namna hii kanuni ni nyingine. Tanga iko kama digrii tano kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kati ya mwanzo wa Oktoba na mwanzo wa Machi jua la mchana hupita upande wa kusini, nyuma ya mtu anayeitazama ghuba. Miezi hiyo, ambayo ndiyo miezi ya ndege wahamiaji, unaweza kupiga picha pale asubuhi na jioni bila jua kukuingia machoni. Juni na Julai jua liko kaskazini na litakuchoma usoni; nenda Sahare.

Jamhuri ina faida moja ambayo sehemu nyingine mjini haina: umesimama juu ya ukingo, na mwewe wanapita chini yako au usawa wa macho yako. Picha ya mwewe aliyepigwa kutoka chini huwa kivuli cheusi kwenye anga jeupe. Ukiwa Jamhuri, nyuma yake kuna maji ya buluu, na rangi ya kahawia ya mabawa hutoka, na mkia wake wenye pengo unaonekana ukigeuka kama usukani. Upepo nao ni wa kuzingatia. Ndege huruka na kutua akiuelekea upepo. Kusi ikivuma huwaleta ndege nyuso zao kwako ukiwa ukingoni pale. Kaskazi ikivuma utapata ubavu au mgongo. Ila uangalifu mmoja mkubwa: bandari iko karibu, na bandari, reli, kambi na vituo vya polisi si vitu vya kupigiwa picha bila kibali. Geuza lenzi ya milimita 400 upande huo na utakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Elekea kisiwani na majini. Droni iache nyumbani kabisa. Inahitaji kibali cha serikali, na hata ingekuwa na kibali, huwatawanya ndege kuliko mwewe.

Kwenye soko la samaki la Deep Sea asubuhi, vyombo vinapoingia, kuna yangeyange, membe na mwewe wanaogombea matumbo ya samaki. Ni mahali pazuri pa mazoezi kwa sababu ndege wamezoea watu. Waombe ruhusa wenye kazi zao kabla ya kuwaingiza kwenye picha.

Miti ya mjini ni hazina ambayo haijahesabiwa. Chukua mnazi wowote wenye makuti makavu yaliyoning'inia. Juu yake, karibu na machweo, utaona ndege wembamba wa kijivu wakizunguka kwa kasi, mikia yao mirefu kama sindano. Hao ni teleka wa minazi. Kiota chao ni kipande kidogo cha manyoya kilichogandishwa kwa mate upande wa ndani wa kuti linaloning'inia, na mayai nayo hugandishwa palepale kwa mate hayohayo, kwa sababu kuti likipeperushwa na upepo hakuna kingo ya kuyazuia. Mzazi huatamia akiwa wima, kucha zikiwa zimeshika kuti. Mtu anayekata makuti makavu ya mnazi wake kila mwezi kwa usafi anaangusha vizazi vizima bila kujua. Pale ambapo mnazi hauko juu ya njia wala paa, makuti hayo yaachwe.

Mnana hufanya koloni kwenye minazi na miti ya bustani, hasa wakati wa mvua, majani mabichi ya kusukia yanapopatikana. Dume husuka kiota, huning'inia kichwa chini mlangoni akipiga mabawa kumwita jike. Jike asipokubali, kiota huachwa kikauke, na mara nyingine dume hukifumua mwenyewe na kuanza upya. Mpige wakati wa kusuka, si wakati wa makinda. Sababu ni kunguru. Kunguru wa India, yule mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na kuenea pwani yote, huwafuata watu kwa macho. Ukisimama chini ya koloni dakika kumi na wazazi wakaruka, kunguru wamekwisha kuelewa. Utaondoka na picha, na nyuma yako makinda yatatolewa mmoja mmoja. Kaa mbali, muda mfupi, na ukiona kunguru wawili wametua kwenye mti wa jirani wakinyamaza, ondoka mara moja. Jambo la pili kuhusu kunguru lipo mikononi mwetu sote: wanaishi kwa taka zetu. Jalala lisilofunikwa huwalisha mwaka mzima, na idadi yao ndiyo inayowamaliza ndege wadogo wa mitaani.

Mkuyu wenye matunda, popote uliposimama, ni wa kukaa chini yake tangu alfajiri. Hondohondo hujitambulisha kwa sauti inayofanana kabisa na mtoto mchanga anayelia. Kima na tumbili hufuata. Usiwape ndizi wala mkate. Tumbili aliyezoea kupewa huanza kunyang'anya, na anayenyang'anya mwisho wake ni jiwe au sumu.

Usiku kwenye vitongoji vyenye minazi mingi kuna komba, ambao wagema wanawajua sana kwa kuwa hawaachi kibuyu cha tembo salama. Macho yake hurudisha mwanga wa tochi kwa rangi nyekundu ya makaa. Funika tochi kwa karatasi nyekundu ya peremende au kitambaa chekundu, imulike pembeni ya mnyama, si machoni, na weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) juu badala ya kutumia flashi. Komba aliyepigwa flashi hupoteza uwezo wa kuona gizani kwa muda, naye anaishi kwa kuruka kutoka tawi hadi tawi.

Kwa popo, nenda Mapango ya Amboni, kama kilomita nane kutoka mjini kwa barabara ya Horohoro. Huko kuna kiingilio na waongozaji, na bila mwongozaji usiingie, kwani njia za ndani hupoteza watu. Ila picha nzuri ya popo haipigwi ndani. Ndani kuna giza, unyevu na kinyesi kinachoteleza, na flashi ikiwaamsha mchana wanapoteza nguvu za bure. Tena popo wa matunda wanaoishi mapangoni ndio wanaojulikana kubeba virusi vya Marburg, ugonjwa uliothibitishwa mkoani Kagera Machi 2023. Haifai kukaa chini yao mdomo wazi wala kushika kuta zao. Panga na wahusika mapema ubaki nje jioni. Jua la Tanga huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi. Popo huanza kutoka mwanga unapofifia, na una dakika ishirini hivi ambazo anga bado lina rangi. Simama pembeni ya mlango wa pango, si mbele yake, elekeza lenzi pana juu kwenye anga la magharibi, shata isishuke chini ya 1/500. Ukija saa nzima kabla, miti ya kando ya Mto Mkulumuzi ina kima, na mwenye bahati humwona mbega.

Mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa mji, eneo la Kibo, yamo kwenye orodha ya kimataifa ya maeneo muhimu kwa ndege. Maji ya bahari yakijaa na tope likifunikwa, ndege wengi huhamia kwenye matuta ya mabwawa hayo kupumzika. Yana mwenyewe, kwa hiyo omba ruhusa langoni. Usitembee juu ya matuta: yakibomoka mwenye chumvi anapata hasara, na ndege nao wanaruka. Piga kutoka ndani ya gari au nyuma ya baiskeli uliyoilaza. Nasisitiza baiskeli. Mji huu ni tambarare, na baiskeli haina muungurumo. Ndege waliozoea kuona baiskeli kila siku hawamhofii aliyeipanda kama wanavyomhofia mtembea kwa miguu.

Katika mashamba ya mkonge kuelekea Pongwe, tazama milingoti ya mkonge uliochanua: keremkerem huitumia kuwindia nyuki, na chozi hufuata maua.

Kuhusu vifaa, maswali ni mengi kwa hiyo nieleze kidogo. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane) inafaa kuliko ya 10x42 (mara kumi) kwa anayeanza, kwa sababu mtikisiko wa mkono nao hukuzwa. Lenzi ya milimita 300 inatosha kama umeketi mapema. Hata 600 haitoshi kama umechelewa. Tundu la lenzi liwe kati ya f/5.6 na f/8. Kwa ndege aliyesimama shata ya 1/500 inatosha, anayeruka anataka 1/2000. Acha ISO ipande yenyewe mpaka 3200: chembechembe kidogo zinavumilika, ukungu wa mtikisiko hauvumiliki. Yangeyange kwenye jua punguzia mwanga kwa hatua moja, la sivyo manyoya yote yanakuwa doa jeupe lisilorekebishika. Kunguru na mnandi waongezee kidogo. Baada ya saa tatu asubuhi tope hupata moto na hewa juu yake huchezacheza. Picha ya mbali itakuwa kama imepigwa kupitia maji, na hakuna lenzi inayolitibu hilo.

Mwenye simu tu asikate tamaa. Kunja vile vipande vya mpira vya darubini vya kuwekea macho, weka lenzi ya simu katikati ya kioo kimoja, zungusha vidole vya mkono wa kushoto kama bomba kuziba mwanga wa pembeni, na uegemeze darubini kwenye mfuko mdogo wa mchele au mchanga. Duara jeusi likionekana pembeni, sogeza simu mbele au nyuma milimita mbili tatu mpaka lipungue. Usikuze kwa vidole kwenye kioo. Hiyo ni kukata picha tu. Piga video, kisha toa picha moja iliyo bora.

Chumvi na unyevu huua kamera za Tanga kuliko wezi. Ukitoka ufukweni usisugue lenzi kwa kitambaa kikavu, maana punje za chumvi huchora kioo. Futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, na kukamuliwa, kioo upulize kwanza kwa pampu ndogo ya mpira. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kuitoa, la sivyo itatoa jasho ndani na nje. Nyumbani ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na pakiti za silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu), na kila baada ya wiki mbili zikaushe pakiti hizo kwenye sufuria juu ya moto mdogo. Mchele hautoshi, una vumbi na hunyonya kidogo. Lenzi iliyowekwa kabatini msimu mmoja wa masika huota kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo, na kuisafisha ni gharama.

Ndugu Mhariri, yote haya yanasimama juu ya jambo moja dogo ambalo gazeti lako linaweza kulifanya. Unachapisha nyakati za swala, na unachapisha hali ya hewa. Chapisha na majira ya maji ya Tanga: nyakati mbili za kujaa, nyakati mbili za kupwa, na kimo cha kila moja kwa mita. Ni mistari minne. Mamlaka ya Bandari hutoa majedwali hayo mapema kwa mwaka mzima, na hesabu ya bandari ya Tanga inatosha pwani yote kuanzia Amboni mpaka Tongoni, kwa tofauti ya dakika chache. Litawafaa wapiga picha, na pia wavuvi, akina mama wanaokwenda kuokota chaza, na wazazi wenye watoto wanaoogelea Raskazone. Ingefaa kuanza na toleo la kwanza la Agosti, maana sululu wa mwanzo huwasili mwezi huo.

Mtazamaji wa ndege,
Chumbageni, Tanga